Kuhamia chuo cha nje ukiwa katikati ya digrii: nilivyopita kutoka Dodoma, karatasi kwa karatasi

Mleta uzi

Wakuu, habari za leo.

Kila ikifika Novemba napokea swali lile lile kutoka kwa wadogo zangu walioko vyuoni hapa Dodoma: "Kaka, uliwezaje kuhamia Marekani ukiwa mwaka wa pili?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike mara moja, kila anayetaka asome hapa. Uzi ni mrefu. Atakayechoka njiani abebe mawili tu: usiachie nafasi yako ya chuo hapa nyumbani mpaka viza iwe imebandikwa kwenye pasipoti, na usilipe hela ya maana mpaka chuo cha nje kikuandikie kinapokea kozi zako zipi na zipi.

Nilianza digrii ya jiolojia ya miaka minne mwaka 2020, katika chuo kimoja hapa kanda ya kati. Mama anaishi Chang'ombe, na nimekua nikipanga ndoo kwenye foleni ya bomba tangu nikiwa la pili. Mji wa Dodoma kwa miaka mingi umetegemea visima vya Makutupora, kaskazini ya mji, na viwango vya maji ya ardhini pale vimekuwa vikipimwa tangu miaka ya 1950. Mwaka wa kwanza mhadhiri wetu alituonesha mchoro wa vipimo vile. Maji hayapandi kidogo kidogo kila msimu wa mvua kama nilivyodhani. Yanapanda kwa mkupuo miaka ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile El Niño ya 1997/98, kisha yanashuka polepole miaka mingi inayofuata. Siku ile sikulala vizuri. Nilitaka kusoma maji ya ardhini peke yake, kwa vifaa, kwa maabara, na programu niliyokuwemo ilielekea zaidi kwenye madini. Ndiyo sababu ya kuhama, na naisema mapema kwa kuwa ndiyo iliyonibeba mpaka dirishani kwa ofisa wa viza.

Kwanza neno lenyewe. Ukitafuta mtandaoni habari za kuhama kwenda Marekani, nusu ya utakayoyasoma hayakuhusu. Wao wanaposema mwanafunzi wa kigeni "amehama", mara nyingi wanamaanisha mtu ambaye tayari yuko Marekani na viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, anatoka chuo kimoja kwenda kingine, na rekodi yake kwenye SEVIS, mfumo wa serikali yao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, inahamishwa. Wewe uliyeko Ng'ong'ona au Kikuyu hapa Dodoma huna rekodi ya kuhamisha. Kwa upande wa masomo ni mwanafunzi wa kuhamia, ila kwa upande wa viza ni mgeni mpya kabisa: unapata I-20 mpya (fomu ya chuo ya kuombea viza), unalipia SEVIS upya, unakwenda kwenye usaili. Nilipoteza wiki nzima kutafuta fomu ambayo hainihusu.

Sasa krediti, na hapa naomba utulie.

Kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasani, maabara na kujisomea. Mwaka mmoja wa digrii ni krediti 120, miaka mitatu 360, minne 480. Ulaya mwaka mzima ni krediti 60 za ECTS, mfumo wao wa krediti. Marekani mwaka mzima ni kama 30, na digrii yote inaishia kwenye 120 hivi. Umeona hatari? Mtu wa udahili kule Iowa, jimbo la Marekani nilikohamia, anafungua transkripti yako (karatasi rasmi ya matokeo) ya mwaka wa kwanza, anakuta 120, na kwake hiyo ni digrii iliyokamilika. Au anashuku kuna udanganyifu. Mimi niliomba ofisi ya mitihani iniandikie barua ya nusu ukurasa inayosema krediti 120 ni mzigo wa mwaka mmoja wa masomo na krediti moja ni saa 10. Barua ile fupi ilinisaidia kuliko barua zote za mapendekezo.

Alama nazo vilevile. Vyuo vyetu vingi A inaanzia 70, B+ ni 60 hadi 69, B ni 50 hadi 59, C ni 40 hadi 49. Kwa Mmarekani 70 ni C hafifu na 45 ni kufeli. Kwa hiyo akiona maksi tupu bila ufunguo, amekumaliza. Hakikisha jedwali la madaraja, lile ambalo kwa kawaida huchapwa nyuma ya transkripti, limetolewa kopi na kugongwa mhuri pia. Wengi wanaskani upande wa mbele tu.

Na GPA, yaani wastani wa alama. Yetu ni ya 5.0, yao ya 4.0. Mwenye 3.8 huku ni daraja la pili la juu. Akiiandika 3.8 kwenye fomu iliyokaa kwenye kipimo cha 4.0 anaonekana karibu na kilele, na siku transkripti itakapofika ataonekana mwongo. Andika namba yako kama ilivyo, na pale wanapouliza kipimo andika 5.0. Kubadilisha siyo kazi yako. Vyuo vingine vinabadilisha vyenyewe, vingine vitakutaka upeleke kwa taasisi ya kutathmini kama WES, ambayo inapitia kozi moja baada ya nyingine. Hiyo inalipiwa, kwa hiyo usiifanye mpaka chuo kikuombe.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza: muhtasari wa kozi. Chuo cha nje hakitambui kozi kwa jina. Wanataka kuona mada za kila wiki, saa za mhadhara, saa za maabara, vitabu vilivyotumika, na mtihani ulichukua asilimia ngapi. Nilikuwa na kozi 19. Karani wa idara, mama mmoja mpole sana, alinitolea boksi faili tatu kutoka juu ya kabati. Ndani yake mihtasari ya kozi 8 tu ilikuwa kamili. Mingine ilikuwa ya miaka ya nyuma, mingine ukurasa wa kwanza tu, mingine haipo. Nikaanza kuzunguka kwa wahadhiri. Mmoja alikuwa Mtwara kwenye utafiti, mmoja alishahama, mmoja aliniambia, "Andika wewe ulichofundishwa, niletee, nitasahihisha." Niliandika usiku kwenye steshenari moja karibu na geti, upepo wa Julai unapiga bati, mwenye duka amejifunika shuka anasubiri nimalize ili afunge. Kurasa 46. Mkuu wa idara alizipitia zote, akakata mahali nilipotia chumvi, akagonga mhuri ukurasa kwa ukurasa. Nilisimama pale nikihesabu milio ya mhuri.

Faida yake niliiona baadaye. Kemia ilipokewa pamoja na maabara yake kwa sababu muhtasari ulitaja saa za maabara. Rafiki yangu aliyeomba chuo kingine na kozi hiyo hiyo, bila kutaja saa hizo, alipewa mhadhara tu na akarudia maabara muhula mzima.

Matokeo yangu: miaka miwili yangu, yaani krediti 240 za huku, kwa hesabu ya kawaida ingekuwa kama 60 za kule. Walipokea 43. Hisabati zote zilipita, fizikia ilipita, jiolojia ya msingi ilipita. Stadi za mawasiliano na masomo ya maendeleo yaliingia kama kozi za hiari, hayakuondoa kozi yoyote ya lazima. Mafunzo kwa vitendo hayakuhesabiwa. Kozi mbili nilizokuwa na D hazikuguswa, kwani kawaida yao wanaanzia C. Kwa hiyo niliingia Agosti 2022 nikiwa katikati ya mwaka wa pili wao, nikamaliza Mei 2025. Wenzangu niliowaacha Dodoma walivaa joho 2024. Nilijua hivyo kabla sijaondoka kwa sababu chuo kilinitumia tathmini ya awali kwa maandishi, nikakaa na mama mezani tukahesabu mwaka huo mmoja wa ziada ni gharama gani. Omba tathmini hiyo. Ipo karibu kila chuo, ila wengi hawaitoi mpaka uulize.

Kosa langu kubwa nalo nilitaje. Transkripti rasmi inatakiwa ifike ikiwa kwenye bahasha iliyofungwa na mhuri umepita juu ya mdomo wa bahasha. Nilipokabidhiwa, nikaenda kukaa chini ya mwarobaini, nikaifungua nione kama jina langu limeandikwa sawa. Limeandikwa sawa. Lakini bahasha ilikuwa imekufa. Nilirudi dirishani, nikalipia upya, nikasubiri siku 23, na tarehe ya mwisho ya vyuo vyangu viwili, Machi 1, ikapita. Kabla hawajaifunga, omba uoneshwe karatasi, kisha ifungwe mbele yako, na uchukue bahasha zaidi ya moja. Siku hizi vyuo vingi vinapokea pia barua pepe inayotumwa moja kwa moja na ofisi ya usajili kutoka anuani ya chuo. Kama ofisi yako inakubali kutuma hivyo, ni salama zaidi.

Nitaendelea na hela na viza. Karibuni na maswali.

MgogoWaMakulu

Mkuu, ubarikiwe. Mimi niko mwaka wa kwanza muhula wa pili, nina sapu (mitihani ya marudio) mbili za muhula uliopita. Je, nina nafasi au nisahau?

Mleta uzi

Usisahau, ila usiombe sasa. Ukiomba ukiwa mwaka wa kwanza na matokeo ya muhula mmoja, watakachokitazama zaidi ni matokeo yako ya kidato cha nne na cha sita, maana ya chuo ni machache. Ukisubiri mpaka mwisho wa mwaka wa kwanza na sapu umezifuta, transkripti inaonesha mtu aliyeanguka akainuka, na kwenye barua yako unaeleza kwa sentensi mbili ilikuwaje. Usifiche. Transkripti nyingi zinaweka alama kwamba kozi ilirudiwa, watakuona tu.

Tarehe za kukumbuka: kwa kuanza Agosti, vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya wanaohamia kati ya Machi 1 na Machi 15, vidogo vingine huendelea kupokea mpaka nafasi zijae. Wanaoanza Januari hufunga Oktoba au Novemba. Ukitumia Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, kuna sehemu ya wanaohamia, tofauti na ya wanaoanza mwaka wa kwanza. Ukiingia mlango usio wako utajaza fomu nzima bure.

MzaziKibaigwa

Nimesoma yote. Mimi ni mzazi, nina binti anasoma uuguzi. Kuna kijana wakala amekuja nyumbani anasema atampeleka nje ahamie mwaka wa pili, anataka milioni tatu na nusu na vyeti vyake vyote halisi akae navyo mpaka mambo yakamilike. Anasema nafasi zinaisha wiki hii. Naomba mnishauri, nimeshauza magunia ya alizeti.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu.

Tafadhali usitoe hiyo hela leo, na vyeti halisi usitoe kamwe. Hakuna chuo kinachohitaji cheti halisi kikae kwa wakala. Kinachohitajika ni kopi zilizothibitishwa, na transkripti inayotoka chuoni kwenda chuoni. Maombi anayafanya binti mwenyewe kwenye tovuti ya chuo, ada yake ni dola kadhaa kwa chuo kimoja, na vyuo vingi vinaisamehe mwanafunzi akiandika kuomba. Mawakala halali wapo, TCU ina orodha ya wale inaowatambua. Muulize kijana jina la kampuni yake lilivyosajiliwa, kisha binti aliangalie kwenye orodha hiyo. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu.

Kuhusu uuguzi, mzee, naomba niseme wazi ingawa linauma. Masomo ya afya ndiyo magumu kuliko yote kuhamia katikati, kwa sababu kila nchi ina baraza lake la kusajili wauguzi na linataka mafunzo ya wodini yafanyike chini ya usimamizi wa chuo kinachotoa digrii. Mara nyingi mwanafunzi anaambiwa aanze upya. Kama wakala amesema ataingia mwaka wa pili moja kwa moja, akuletee barua ya chuo chenyewe inayosema hivyo, yenye jina la binti.

MzaziKibaigwa

Marahaba mwanangu. Nimempigia, nimemwambia alete barua ya chuo. Amesema ataleta Jumatatu.

BintiWaKondoa

Naomba niongeze upande wa Uingereza, maana nilihamia kule mwaka wa pili.

Kwao hesabu ni rahisi kuliko Marekani: mwaka mmoja ni krediti 120 na krediti moja ni saa 10, sawa kabisa na zetu. Digrii ya kawaida ya England ni 360. Kwenye fomu ya UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya kule, kuna kisanduku cha mwaka unaotaka kuanzia, unaweka 2. Lakini kabla ya kukijaza, mwandikie barua pepe mtu wa udahili wa kozi hiyo ukiambatanisha mihtasari, umuulize kama wanapokea mtu wa mwaka wa pili. Kozi nyingi hazipokei, na bora ulijue kabla ya kutumia nafasi yako moja kati ya tano za UCAS.

Kilichonitoa machozi ni viza. Sheria ya viza ya mwanafunzi inataka hela ya ada iliyobaki na ya kujikimu ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Siku ya 19 bibi yangu alifariki Kondoa. Baba alitoa laki nane kwa ajili ya msiba, kama mtoto yeyote angefanya, akarudisha siku mbili baadaye. Hatukukumbuka kabisa. Viza ilikataliwa kwa siku hizo mbili. Tuliomba upya, siku 28 zikaanza moja, na nilifika darasani wiki ya tatu. Familia ikitunza hela ya viza, ikae kwenye akaunti ambayo haitumiki kwa jambo lingine lolote, na ndugu wote wajue.

Pia Mtanzania anayekwenda zaidi ya miezi sita anapimwa kifua kikuu kwenye kituo kinachotambuliwa na wao, na kuna ada ya huduma ya afya, kwa mwanafunzi pauni 776 kwa mwaka tangu Februari 2024, inalipwa yote kwa mkupuo kwa miaka utakayokaa. Watu wanaisahau kwenye bajeti.

Mleta uzi

Pole sana dada kwa bibi. Asante kwa kuliweka wazi, hili la siku 28 litaokoa mtu.

Niendelee na hela. Ukweli mchungu: misaada kwa mwanafunzi wa kigeni anayehamia ni michache kuliko ya anayeanza mwaka wa kwanza. Vyuo vingine vikubwa vinavyosifika kwa kusaidia wageni huandika kabisa kwenye ukurasa wao kwamba wageni wanaohamia hawahusiki. Soma ukurasa wa wanaohamia, usisome wa jumla. Mimi niliomba vyuo tisa. Vinne vilikataa, viwili nilichelewa kwa ile bahasha, viwili vilinikubali bila senti. Kimoja, chuo kidogo cha binafsi Iowa ambacho sikuwahi kukisikia, kilinipa ufadhili uliolipa zaidi ya nusu ya gharama. Iliyobaki baba mdogo aliyeko Mwanza alisaini kunidhamini na kutoa taarifa za benki, maana I-20 haitoki mpaka uoneshe hela ya mwaka mzima wa kwanza. Nilifanya kazi maktaba ya chuo. F-1 inaruhusu saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa muhula, zinakupa chakula na nauli. Hazilipi ada, msidanganyane.

Halafu SEVIS dola 350, fomu ya DS-160 ya kuombea viza, na ada ya viza ambayo wakati wangu ilikuwa dola 160 na baadaye ikapanda kuwa 185. Pasipoti Sh 150,000. Nauli za basi Dodoma hadi Dar sikuzihesabu tena. Angalau ninyi mna treni ya SGR tangu 2024. Masharti ya viza za Marekani yamekuwa yakibadilika haraka, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote fungua tovuti ya ubalozi uone Watanzania wamewekewa masharti gani wakati huo.

Usaili ulikuwa dakika nne. Sheria yao inamtaka ofisa akuhesabu kuwa unataka kuhamia moja kwa moja mpaka umwoneshe vinginevyo. Aliuliza, "Mbona usimalizie huko huko ulikoanza?" Nikamweleza Makutupora: maji yanavyopanda miaka ya El Niño, mji unavyokua tangu serikali ihamie, na kwamba nataka kurudi kupima visima vile. Akauliza swali moja la hela. Akachukua pasipoti.

Barua ya maelezo niliyoandika ya kwanza ilikuwa imejaa malalamiko: maabara haina hiki, darasa limejaa, mtandao unakatika. Mhadhiri wangu aliisoma, akachora mstari katikati ya ukurasa, akaniambia, "Hapa umeniambia unachokikimbia. Unakwenda wapi?" Niliandika upya nikianza na ile foleni ya ndoo. Msikiseme vibaya chuo chenu. Ndicho kinachowagongea mihuri, na wahadhiri wale ndio wanaowaandikia mapendekezo usiku baada ya kusahihisha mitihani ya watu mia tatu.

NiliyekoUjerumani

Kwa kifupi upande huu: hawana neno la kuhama kama Marekani. Unaomba kuingia muhula wa juu, na ofisi ya mitihani ya idara ndiyo inayoamua kozi gani zinahesabiwa. Vyuo vya umma vingi havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Ila lazima uweke hela ya kujikimu kwenye akaunti iliyofungwa, euro 11,904 kwa mwaka tangu Septemba 2024, unaruhusiwa kutoa 992 kila mwezi. Na digrii za kwanza nyingi ni kwa Kijerumani. Anza lugha ukiwa hapo hapo Dodoma.

MhadhiriMstaafu

Vijana, nimewasikiliza. Nimefundisha miaka 31. Nawaomba mfikirie pia kumaliza. Ukimaliza digrii ya kwanza nyumbani na daraja zuri, milango ya fedha inafunguka ambayo kwa anayehama imefungwa: ufadhili wa DAAD wa Ujerumani, wa Commonwealth na wa Chevening wa Uingereza, huo wa mwisho kwa mwenye uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na vyuo vya Marekani vinavyolipa mwanafunzi wa uzamili afundishe au asaidie utafiti. Nimeona wawili walioacha wakiwa mwaka wa tatu, wakapoteza huku na huku.

Mleta uzi

Shikamoo Profesa. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, na nisingependa uzi huu umfukuze mtu chuoni. Aliyeko mwaka wa tatu wa digrii ya miaka mitatu asihame, amalize. Vyuo vya Marekani kwa kawaida vinataka sehemu ya digrii uisomee kwao, vingine hata nusu, kwa hiyo baadhi ya kozi zako zinaweza kupotea hata zikiwa na A. Anayetaka kuhama kwa sababu tu ya kuona nje naye amalize. Mimi kuhama naunga mkono kwa yule ambaye somo lake halipo alipo, na amepata mtu wa kulipa.

Na ndiyo maana nasisitiza msijiondoe. Vyuo vingi vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa barua, ukieleza sababu. Mimi niliendelea kukaa kwenye mitihani ya muhula wa nne huku nina barua ya kukubaliwa mfukoni, na niliandika barua ya kuondoka wiki ile niliyopata viza. Aliyekuwa na mkopo ajue haumfuati nje, na deni alilokwisha kuchukua Bodi ya Mikopo linabaki lake. Akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Mimi nakatwa sasa hivi.

Ukirudi, digrii yako inapelekwa TCU kutambuliwa kabla ya kuajiriwa serikalini. Tunza transkripti zote mbili, ya zamani na ya mpya. Mtu anayeona umeingia chuo cha nje katikati lazima aulize ulianzia wapi.

MgogoWaMakulu

Mkuu, kuhusu mtihani wa Kiingereza ulifanyaje? Huku umeme hautabiriki.

Mleta uzi

Nilifanya wa Duolingo nyumbani kwa sababu ni nafuu kuliko IELTS na TOEFL, umeme ukakatika dakika ya 40 na kikao kikafutwa. Mara ya pili nilikwenda kwa rafiki mwenye betri ya sola, nikatumia laini mbili za simu. Ila uliza kwanza: vyuo vingine vinapokea barua ya chuo chako kwamba lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na hapo huhitaji mtihani wowote.

MgogoWaMakulu

Narudi na mrejesho baada ya miezi minne. Sapu zote mbili nimefuta, nina B na C. Nimeomba barua ya krediti, ofisi ya mitihani wameniandikia bila shida. Mihtasari: nina kozi 10, idara imegonga 7. Mbili wahadhiri wameniambia niandike mwenyewe nilete. Moja mhadhiri yuko masomoni, nimemwandikia jana usiku, asubuhi hii amejibu kwamba atatuma kabla ya Ijumaa. Bahasha sijafungua.

MzaziKibaigwa

Wanangu, yule kijana hakuja Jumatatu. Wala Jumatatu iliyofuata. Simu haipatikani. Vyeti vya binti viko kabatini kwangu na anaendelea na wodi. Hela ya alizeti nimemlipia ada ya muhula huu.